Stupa Kuu ya Sanchi: jengo lisilo na ndani

Katikati ya Bara Hindi, karibu na mji wa kale wa Vidisha, pana kilima kiitwacho Sanchi. Juu yake limesimama jengo ambalo mgeni, akilitazama kwa mara ya kwanza, hulizunguka akitafuta mlango asiuone. Malango yapo, tena manne, lakini yanampeleka mtu kwenye njia ya kulizunguka jengo, siyo ndani yake. Stupa haina ndani. Ni tuta la matofali na mawe lililoshindiliwa tangu chini hadi juu, na mwenye kutaka kuielewa kwa mfano wa kanisa au msikiti atapotea tangu hatua ya kwanza.

Asili yake ni kaburi. Mapokeo ya Wabuddha yasimulia kwamba Buddha alipofariki, mwili wake ulichomwa huko Kushinagara, nao wafalme wakakaribia kupigana kwa ajili ya masalio yake, hata brahmani mmoja aitwaye Drona akawapatanisha kwa kuyagawa mafungu manane. Kila fungu likajengewa stupa. Ugomvi huo umechongwa kwenye lango la kusini la Sanchi, pamoja na tembo, farasi na mji uliozingirwa. Ashoka, aliyetawala dola ya Maurya katika karne ya 3 kabla ya Kristu, asemekana kuwa alizifungua saba kati ya stupa hizo nane na kuyatawanya masalio katika stupa 84 000. Hesabu hiyo ni ya hadithi. Kazi yake pale Sanchi si hadithi: nguzo yake ingalipo, ijapokuwa imevunjika, ikiwa na amri ya kuwafukuza watawa wanaoleta mafarakano.

Stupa ya Ashoka ilikuwa ya matofali. Katika karne ya 2 K.K. ilifunikwa kwa mawe na kupanuliwa sana, hata ikafikia kipenyo cha mita 36 na nusu hivi, na kimo cha mita 16 na nusu. Kuba lake huitwa *anda*, yaani yai. Huko Sri Lanka jengo la namna hiyo huitwa *dagaba*, neno litokanalo na *dhatu*, masalio, na *garbha*, tumbo la mimba. Ni ajabu kwamba kaburi limepewa majina ya uzazi. Na mwanaisimu asiyapite haraka majina hayo, kwani yaeleza imani kuliko maelezo marefu. Kilichofukiwa humo hakikuhesabiwa kuwa kimekufa. Juu ya yai pana uzio mdogo wa mraba, na katikati yake mlingoti wenye miavuli mitatu ya mawe. Mwavuli ni heshima ya mfalme.

Chini, uzio mkubwa wa mawe unaizunguka stupa, nao umeungwa kama kazi ya seremala: ulimi wa jiwe umeingia katika tundu la jiwe jingine, kana kwamba waashi hawakuwa tayari kuacha desturi za mbao. Kati ya uzio na kuba ndipo panapofanyika ibada yenyewe. Mwumini hutembea akiiweka stupa mkono wake wa kuume, kama jua linavyokwenda, na ngazi za upande wa kusini humpandisha kwenye njia ya pili, juu ya kitako cha kuba. Kwa hiyo jengo hili hukamilishwa na miguu ya watu.

Malango manne yaliongezwa katika karne ya 1 K.K. Katika michoro yake yote Buddha hakuonyeshwa kwa umbo la mtu: pana mti, gurudumu, nyayo, kiti kitupu. Kwenye lango la kusini maandishi yataja kwamba sehemu ya uchongaji ilifanywa na wachonga pembe za tembo wa Vidisha, na anayechungulia wembamba wa kazi ile atasadiki.

Maandishi ya Sanchi yana historia yao. Zaidi ya 600 ni mafupi mno, nayo yalikuwa hayasomeki kwa mtu yeyote hadi mwaka 1837, James Prinsep alipotambua, huko Calcutta, kwamba mengi yaliishia kwa herufi zilezile mbili na nukta. Alikisia neno *danam*, zawadi. Herufi iliyotangulia mara nyingi ilikuwa *sa*, alama ya umilikaji, inayofanya kazi ya «-a» yetu ya Kiswahili: zawadi ya fulani. Kwa ufunguo huo amri za Ashoka zilianza kusomwa. Na hao akina fulani ni nani? Watawa wa kiume na wa kike, wafanyabiashara, mafundi, wake wa watu. Jiwe moja moja lililipiwa na mtu wa kawaida aliyetaka jina lake likae karibu na masalio.

Wazungu waliofika baadaye walitaka kujua kilichomo. Mwaka 1822 afisa mmoja Mwingereza aliipasua Stupa Kuu upande mmoja toka juu hadi chini. Lango la magharibi likaanguka pamoja na sehemu ya uzio. Mwaka 1851 Alexander Cunningham na F. C. Maisey walichimba shimo hadi chini, wasipate ila matofali. Katika stupa ndogo ya jirani, ya tatu kwa hesabu yao, walikuta masanduku mawili ya mawe yenye majina ya Sariputra na Maudgalyayana, wanafunzi wakuu wa Buddha, wakayachukua masalio. Yaliwekwa katika makumbusho ya London kama vitu vya sanaa.

John Marshall ndiye aliyeisimamisha upya Stupa Kuu na malango yake, kati ya mwaka 1912 na 1919. Masalio yaliondoka Uingereza mwaka 1947, yakapitia Sri Lanka, na mwaka 1952 yakawekwa katika hekalu jipya kilimani Sanchi. Hekalu hilo lina mlango.