Njia ya mtoni Kamsamba: nani anashika kalamu?

Wadau, mkisikia njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kando ya mto, wengi mnawaza mazoezi ya jioni. Kamsamba, kwenye Mto Momba unaomwaga maji Ziwa Rukwa, baiskeli hubeba mpunga. Hubeba hata mgonjwa. Sasa nani aamue njia ipite wapi?

Historia yetu hapa ina kidonda. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa hadi mwisho wa 1976 kuishi vijijini ni lazima. Watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu (waulizeni babu zenu).

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikageuza kibao: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ikaja Sheria ya Mazingira ya 2004, ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mpangaji atasema hapo ni wazi, pitisha njia. Lakini kando ya mto ndiko watu wanakolima mboga na kuchota maji!

Mimi ningeanza na akina mama wa ndoo. Wanajua masika maji hufika wapi.