Kisu, Bunduki na Sheria: Mwenye Silaha katika Historia ya Kenya, 1890–1963

Majina ya silaha katika Kiswahili yaeleza yenyewe sehemu ya historia yake. Kisu, mkuki, upinde na mshale ni maneno ya Kibantu, na baadhi yake yana ndugu katika lugha nyingi za bara. Bunduki, risasi na baruti ni maneno yaliyofika kwa njia ya bahari kupitia Kiarabu. Mzinga ndio uliopata jina la nyumbani, kwani chombo hicho cha vita kinaitwa kwa jina lile lile la gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Silaha za makali, basi, zilikuwa mali ya kila mji na kila boma; bunduki ilikuja na wafanyabiashara, na yeyote aliyeidhibiti bandari aliweza kuidhibiti bunduki.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika sheria zilizoandikwa baadaye. Hakuna serikali iwezayo kudai cheti kwa kila kisu cha jikoni au kila panga la shambani. Kwa hiyo Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1930, haimhukumu mtu kwa kuwa na kisu. Kifungu cha 308 chamhukumu yule aliyekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha kwamba amekusudia kutenda kosa kubwa. Kwa kisu, kosa hukaa katika nia. Kwa bunduki, kosa hukaa katika mkono ulioishika: asiyekuwa na kibali ana hatia, awe amekusudia nini.

Asili ya msimamo huo kuhusu bunduki ni mkataba uliotiwa sahihi Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mataifa yaliyokutana huko yalipiga marufuku uingizaji wa bunduki, hasa zile za kisasa, katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na haifai kuikejeli sababu hiyo, maana bunduki zilikuwa kweli chombo cha wakamataji. Lakini mkataba ulibakiza mlango mmoja mdogo: bunduki za gumegume ziliweza kuruhusiwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwafrika aliachiwa silaha ya babu wa Mzungu, wakati Mzungu mwenyewe alikuwa akiingia bara na bombomu. Ni vigumu kuamini kwamba matokeo hayo hayakuonekana mapema na waliotia sahihi.

Yafaa ikumbukwe kwamba Waingereza hao walikuwa na tamko lao la haki la mwaka 1689, lililowaruhusu raia wa madhehebu ya Kiprotestanti kuwa na silaha za kujilinda, kwa kadiri ya hali zao na kama sheria ilivyokubali. Haki hiyo ilikuwa na mipaka ya dini na ya cheo tangu kuzaliwa kwake. Marekani iliiandika upya katika katiba mwaka 1791, na huko nako watumwa hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye haki. Haikuvuka bahari kumfikia Mkikuyu wala Mmasai.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika baada ya tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Wapiganaji wa msituni walianza na panga na sime, na kiu yao kubwa ilikuwa bunduki. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakachukua silaha. Walipozikosa walijitengenezea kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Serikali ilijibu kwa kanuni zilizofanya kupatikana na bunduki bila ruhusa kuwa kosa la kifo. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na wengi wao hawakupatikana na hatia ya kuua mtu.

Aliyejulikana kuliko wote ni Dedan Kimathi. Alipigwa risasi akakamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akafikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mwezi uliofuata. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Hakushtakiwa kwa uhaini. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola na risasi bila idhini. Kwa njia hiyo mahakama haikulazimika kuuliza sababu ya yeye kuishika bastola ile. Swali la ardhi na la uhuru halikuwa na nafasi katika shtaka. Mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo wa mwaka 1976, uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, ulilirudisha jukwaani lile ambalo hakimu aliliacha nje ya mlango. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, wapiganaji waliobaki walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wakazikabidhi silaha zao kwa serikali mpya. Serikali hiyo haikuifuta sheria ya bunduki iliyoanza mwaka 1954, katikati ya vita, na ambayo ilibaki katika vitabu kama Sura ya 114. Katiba ya mwaka 2010 nayo, pamoja na wingi wa haki zilizoorodheshwa ndani yake, haikutaja haki ya raia kuwa na silaha. Chama cha Mau Mau chenyewe kilikuwa haramu kisheria hadi mwaka 2003. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Februari 2007, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi katika barabara iitwayo kwa jina lake. Mkono mmoja umeshika bunduki, wa pili umeshika sime.