Kwa nini miche ya bangi ya dawa huwa na mashina dhaifu katika vitalu vya nchi jirani

Nchi nne zinazopakana na Tanzania, yaani Rwanda, Uganda, Malawi na Zambia, zimefungua njia ya kulima bangi kwa ajili ya dawa au viwanda chini ya kibali cha serikali. Katika mashamba ya aina hiyo, sehemu kubwa ya kazi hufanyika chini ya paa: mbegu huoteshwa ndani, miche hulelewa chini ya taa, na mmea huhamishiwa mahali pake pa kudumu baadaye. Hapo ndipo hujitokeza tatizo ambalo kila mtunza kitalu hulifahamu. Mche huchipua vizuri, hurefuka kwa kasi kwa siku chache, kisha shina lake jembamba hushindwa kubeba majani na kulala juu ya udongo.

Wengi hudhani kwamba mche wa namna hiyo una njaa, wakaukimbilia kwa mbolea. Mara nyingi dhana hiyo ni potofu. Shina dhaifu la mche wa ndani kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa mwanga na ukosefu wa upepo, na mbolea ya ziada huzidisha udhaifu huo.

Sheria inaruhusu nini

Nchini Rwanda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Oktoba 2020 kilimo, usindikaji na usafirishaji nje wa bangi ya dawa, na mwezi Juni 2021 ukatolewa utaratibu wa vibali pamoja na masharti ya ulinzi wa mashamba. Matumizi ya bangi kama kilevi yamebaki kuwa kosa. Bunge la Malawi lilipitisha sheria yake Februari 2020, ikihusu bangi ya dawa na ile ya viwandani. Zambia ilitunga sheria za aina hiyo mwaka 2021. Nchini Uganda, kampuni yenye kibali imekuwa ikilima zao hilo ndani ya vitalu nyumba wilayani Kasese, karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Katika ngazi ya kimataifa, bangi ingali chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya. Desemba 2020, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura na kuiondoa katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kwa ukali wa juu kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25. Uamuzi huo haukuifanya kuwa zao huru. Mkulima mwenye kibali huwajibika kwa mbegu alizonazo, mimea aliyootesha na ile aliyoiteketeza. Kwa hiyo trei ya miche inapoanguka, hasara haiishii kwenye bei ya mbegu. Kuna kumbukumbu za kujaza, ukaguzi wa kukabili, na huenda vibali vya kuingiza mbegu nyingine vikahitajika upya.

Mche unaotafuta mwanga

Mbegu inapoota gizani ndani ya udongo, chakula chake chote hutumika katika kurefusha shina ili lifike juu haraka. Ni silika inayouokoa mche porini. Ukishapata mwanga wa kutosha, hupunguza kasi ya kurefuka, hutanua majani na kuanza kunenepesha shina. Usipoupata, huendelea kurefuka kana kwamba bado umo ardhini. Seli za shina huvutika zikawa ndefu zenye kuta nyembamba, na mti ule mgumu unaolipa shina uimara hauwahi kujengeka.

Mmea hutambua pia aina ya mwanga. Mwaka 1952 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, jimboni Maryland, walionyesha kupitia mbegu za saladi kwamba mwanga mwekundu huamsha uotaji, na mwanga mwekundu wa mbali, ambao jicho la mwanadamu huuona kwa shida, huuzuia. Baadaye iligunduliwa kwamba kinachopokea ishara hizo ni protini iitwayo fitokromu. Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kuuacha ule wa mbali upite au urudi. Hivyo mche uliozungukwa na wenzake hung'amua kwamba kuna majirani hata kabla haujafunikwa na kivuli chao, nao huanza kushindana kwa urefu. Ndiyo maana trei iliyosongamana hutoa miche mirefu myembamba hata pale taa zinapotosha.

Mwanga wa buluu, kwa upande wake, huzuia urefukaji. Miche iliyolelewa chini ya taa zenye kiasi kizuri cha buluu huwa mifupi, yenye shina nene na majani yaliyokaribiana.

Jua jingi nje, giza ndani

Huenda msomaji akashangaa kwamba mche unaweza kukosa mwanga katika nchi za ukanda wa ikweta. Sababu ya kwanza ni jengo lenyewe. Nailoni ya kitalu nyumba huzeeka na kushika vumbi, na kila tabaka la uchafu hupunguza mwanga unaopita. Wakati wa masika, mawingu hupunguza zaidi. Miche inayooteshwa katika chumba kilichofungwa, kwa sababu ya ulinzi au usafi, hutegemea taa peke yake.

Sababu ya pili inatokana na tabia ya mmea wenyewe. Aina nyingi za bangi huchanua usiku unapokuwa mrefu. Katika Uganda na Rwanda mchana hudumu kwa muda wa karibu saa 12 mwaka mzima, na usiku vivyo hivyo. Mche ulioachwa katika hali hiyo huweza kuanza kuchanua ungali mdogo, ukatoa mavuno haba. Ili kuuzuia, wakulima huongeza mwanga wa taa hadi mche upate muda wa saa 16 hadi 18 za mwanga kwa siku.

Hapa hutokea kosa la kawaida. Taa hafifu hutosha kuudanganya mmea kwamba usiku ni mfupi, lakini haitoshi kuulisha. Balbu za zamani za waya huongeza tatizo, kwa sababu hutoa mwanga mwingi mwekundu wa mbali, ule ule unaouhimiza mche kurefuka. Kitalu kinaweza kung'aa usiku kucha, na mashina yakaendelea kuwa dhaifu.

Kutambua chanzo kabla ya kutibu

Mashina dhaifu hayana chanzo kimoja. Mche uliokosa mwanga huwa na shina refu la kijani kilichopauka, nafasi kubwa kati ya udongo na majani ya kwanza, na huegemea upande taa au dirisha lilipo. Mizizi yake huwa mizima.

Mche wenye ugonjwa wa kinyausi huonekana tofauti. Shina lake hunywea na kuwa la kahawia au jeusi pale linapogusana na udongo, kama lililobanwa kwa uzi, kisha mche huanguka ghafla. Ugonjwa huu husababishwa na vimelea vya udongoni, vikiwamo Pythium na Rhizoctonia, ambavyo hustawi penye unyevu mwingi na hewa isiyozunguka. Mche wa namna hiyo hauponi. Hung'olewa pamoja na udongo wake, trei huoshwa kwa dawa, na umwagiliaji hupunguzwa kwa miche iliyobaki.

Mche uliozidishiwa maji huwa na majani yaliyovimba na kuinamia chini, ilhali udongo umelowa. Uliokosa maji pia hunyong'onyea, lakini trei yake huwa nyepesi ikiinuliwa, na mche husimama tena baada ya kunyweshwa.

Mwanga kwanza

Tiba ya mche uliorefuka huanza na taa, na huanza mapema. Taa ziwashwe mara tu miche ya kwanza inapochomoza, bila kusubiri trei nzima iote, kwa kuwa siku mbili au tatu za giza hutosha kuharibu umbo la shina.

Taa za mirija ya floresenti hazina joto kali, hivyo huweza kuwekwa sentimita 5 hadi 10 juu ya majani na kuinuliwa kadiri miche inavyokua. Taa za LED hutofautiana sana kwa nguvu. Kwa taa kubwa, ni busara kuanza na umbali wa sentimita 60 hivi, kisha kuishusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku majani yakichunguzwa. Majani yanayojikunja kingo au kupauka juu huashiria mwanga uliopita kiasi. Mkono ukiwekwa usawa wa majani kwa nusu dakika na kuhisi joto la kuudhi, mche nao unaumia.

Miche ipewe nafasi ili majani ya mmoja yasiguse ya mwingine. Trei igeuzwe kila siku iwapo mwanga unatoka upande mmoja. Nailoni ya kitalu ioshwe. Joto nalo liangaliwe: nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi mchana zinafaa, na joto kubwa pamoja na mwanga mdogo ndiyo hali inayorefusha mashina kuliko nyingine zote.

Upepo hujenga shina

Mmea unaotikiswa hujibu kwa kujiimarisha. Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Mordecai Jaffe, alieleza jinsi mimea inayoguswa mara kwa mara inavyopunguza urefu na kuongeza unene wa shina. Huko Japani, wakulima wamekuwa kwa miaka mingi wakikanyaga shayiri na ngano changa ili zisimame imara.

Ndani ya kitalu, feni ndogo hufanya kazi hiyo. Majani yanapaswa kutikisika kwa wepesi, bila kulazwa wala kukauka kingo. Feni isielekezwe mahali pamoja muda wote. Pasipokuwa na feni, kiganja au kipande cha kadibodi laini huweza kupitishwa juu ya miche mara chache kwa siku, majani yakiwa makavu. Hewa inayozunguka hukausha pia uso wa udongo, na hivyo kupunguza hatari ya kinyausi.

Maji, mbolea na kufukia shina

Udongo wa miche unapaswa kukauka kidogo juu kabla ya kunyweshwa tena, ili mizizi ilazimike kushuka kutafuta maji. Naitrojeni nyingi huchochea ukuaji wa haraka wa majani na shina laini. Mche mchanga hujitegemea kwa akiba ya mbegu katika siku zake za kwanza, na baada ya majani halisi kutokea huhitaji mbolea iliyozimuliwa sana.

Mche uliokwisha kurefuka haurudi kuwa mfupi. Kinachowezekana ni kuuhamishia kwenye chombo chenye kina na kufukia sehemu ya shina hadi karibu na majani ya mbegu. Shina lililofukiwa huweza kutoa mizizi na kuushikilia mche vizuri zaidi. Udongo uwe mwepesi wenye kupitisha maji, kwani shina changa huoza upesi ndani ya tope. Kijiti kinaweza kuusaidia mche kwa muda, ufungwe kwa kulegezwa ili uendelee kuyumba. Ukifungwa kwa kukazwa, shina hukosa sababu ya kujijenga, na kijiti kikiondolewa huanguka tena.

Miche ambayo shina lake limekunjika na kuvunjika, au ambayo imebaki nyuma sana, ni afadhali iondolewe mapema. Katika shamba la kibali, uondoaji huo huandikwa na kufanywa kwa utaratibu uliowekwa na mamlaka husika.

Hasara huonekana baadaye

Udhaifu wa kitaluni unaweza kuonekana kuwa jambo dogo, kwa sababu baadhi ya miche hiyo huishi. Gharama hujitokeza miezi kadhaa baadaye, maua yanapokuwa mazito na matawi kuinama. Mimea iliyolaliana hunasa unyevu, na unyevu huleta ukungu. Kwa zao linalokusudiwa kuwa dawa, shehena yenye ukungu inaweza kukataliwa na mnunuzi hata kama kiasi chake kinaridhisha. Nchi jirani zilizoingia katika biashara hii zinashindania masoko ya nje yanayopima ubora kwa maabara, na ubora huo huanza katika majuma mawili ya kwanza ya maisha ya mche.

Kwa Tanzania, hali ya kisheria ni tofauti. Kulima bangi ni kosa la jinai chini ya sheria ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na mtu anayevuka mpaka na mbegu au miche hutenda kosa hata kama vimetoka katika shamba lenye kibali upande wa pili.

Maarifa ya kuimarisha mashina, hata hivyo, ni ya mimea yote inayolelewa kitaluni. Nyanya, pilipili hoho, kabichi na mipapai huonyesha dalili zile zile chini ya kivuli kizito na msongamano. Mtunza kitalu wa Arusha, Mbeya au Lushoto anayeona nyanya zake zikirefuka na kulala anaweza kuanza na hatua hizo hizo: kupunguza kivuli, kutenganisha miche, kuruhusu upepo upite, na kuiacha mbolea hadi mche utakapoweza kusimama wenyewe.