Abunuwasi: Mjadala kuhusu Mapenzi ya Mshairi

Abunuwasi (jina kamili al-Hasan ibn Hani) alikuwa mshairi wa Kiarabu wa zama za ukhalifa wa Abbasi. Alizaliwa Ahvaz, katika Iran ya leo, katikati ya karne ya 8, na mama yake alikuwa Mwajemi. Alisomea Basra na Kufa, akafariki Baghdad mnamo mwaka 814.

Msomaji wa Kilangali, wilayani Kilosa, humjua kama anavyojulikana Zanzibar: mjanja wa hekaya. Aliazima sufuria, akairudisha pamoja na kisufuria akidai imezaa. Alipoiazima tena, akasema imekufa. Mwenye sufuria aliyekubali kwamba chombo huzaa angekataaje kwamba hufa?

Mshairi wa kweli ana mambo mazito zaidi. Diwani yake ina mashairi ya mvinyo, uwindaji, dhihaka na toba, pamoja na ya mapenzi: mengine kwa wanawake, mengi kwa wanaume. Wasimulizi wa kale wanataja pia Janan, mjakazi wa Basra, ambaye inasemekana mshairi alimfuata hadi hija.

Je, mashairi hayo ni ushahidi wa maisha yake?

Mhakiki Muhammad al-Nuwayhi, katika kitabu alichokitoa Cairo mwaka 1953, aliyasoma kwa jicho la saikolojia na kuutafuta mzizi wa mapenzi yake kwa wanaume katika uhusiano wa mshairi na mama yake. Mhakiki mwingine, Abbas Mahmud al-Aqqad, aliona chanzo ni mtu kujipenda mwenyewe kupita kiasi. Wapinzani wa njia hiyo husema kumsifu kijana anayemimina mvinyo kulikuwa mtindo wa ushairi wa zama hizo, na Kurani yenyewe, katika sura ya Ash-Shuaraa, inasema washairi husema wasiyoyatenda.

Khaled El-Rouayheb, aliyechunguza miaka ya 1500 hadi 1800 katika kitabu chake cha 2005, alionyesha kwamba jamii za Kiarabu za wakati huo zilitenganisha kupenda uzuri na tendo lenyewe, wala hazikuwa na kundi moja la watu linalolingana na istilahi za leo za mapenzi ya jinsia moja. Ingawa inahusu zama za baadaye, hoja hiyo ndiyo yenye uzito zaidi: kumbandika Abunuwasi jina la leo ni kosa, na kuyaficha mashairi yake ni kosa jingine.

Hata hivyo yamefichwa. Januari 2001, Wizara ya Utamaduni ya Misri iliteketeza nakala zipatazo 6,000 za vitabu vyake. Wakusanyaji wa karne ya 10, Abu Bakr al-Suli na Hamza al-Isfahani, walikuwa wameyahifadhi mashairi hayo.