Shamba la Matunda la Ukoo na Hati Yake

Kilimo cha matunda katika Pwani yetu ni cha kale. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika habari za ndizi na malimau. Mwaka 1498, Wareno walipotia nanga hapo, mfalme aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa.

Shamba la ukoo lilikuwa na nyumba, kisima, minazi na miembe. Mwembe wa kokwa hukawia miaka mitano na zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyeupanda aliwapandia wajukuu. Tusifiche kwamba katika mashamba makubwa wengi wa waliolima walikuwa watumwa, hata utumwa ulipokomeshwa mwaka 1907.

Kwa desturi, mti uliweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye kudai alitakiwa ajitokeze, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Basi wako waliobaki na miti mikononi bila ardhi, wakila embe za babu yao huku wakiitwa maskwota.

Hilo ndilo funzo letu. Mti ni shahidi mwema, lakini barazani huulizwa karatasi. Kila ukoo na uandikishe shamba lake wangali hai wazee wanaoijua mipaka, na warithi wagawane mavuno kabla ya kufikiri kuligawa shamba.