Fizi Zinazotoka Damu: Mambo Ambayo Mama na Mlezi Anapaswa Kujua

Ukiona damu kwenye mswaki au kwenye mate unapotema, usiseme ni kawaida. Fizi zenye afya hazitoki damu kwa kupiga mswaki. Mara nyingi damu hiyo ni dalili ya kwanza ya ugonjwa wa fizi, na katika hatua hiyo bado unaweza kupona kabisa. Ukiuacha, unaweza kupoteza hata meno yasiyo na tundu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2022, zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Unaanzaje?

Kila siku bakteria hujenga utando laini unaonata kwenye meno, uitwao ukoga. Usipousafisha, hugeuka kuwa ugaga, uchafu mgumu wa njano au kahawia unaoganda karibu na fizi. Mswaki hauwezi kutoa ugaga. Hutolewa na mtaalamu wa meno.

Mwanzoni fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoka damu. Kwa kawaida haziumi, ndiyo maana wengi huchelewa. Baadaye fizi huachana na jino, uchafu huingia chini, na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Hapo kinywa hunuka, usaha hutoka, meno huonekana marefu na kulegea. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Matibabu husaidia usiendelee kuliwa.

Usiache kupiga mswaki

Wengi wakiona damu huacha kusugua sehemu hiyo. Ukoga huongezeka na ugonjwa huzidi. Endelea kusugua taratibu kwa mswaki laini, pale meno yanapokutana na fizi. Kama ugonjwa ni wa mwanzo, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Vipi kuhusu dawa za nyumbani?

Kinole tuna machungwa na karafuu. Machungwa yana vitamini C ambayo fizi zinaihitaji, lakini hayaondoi ukoga. Karafuu hutuliza maumivu ya jino kwa muda, lakini chanzo hubaki palepale. Mswaki wa mti unafaa ukiutafuna ncha ikawa laini na ukasugua kila jino, nje na ndani. Epuka mchanga, majivu na mkaa, kwa sababu hukwaruza meno na fizi.

Fizi na afya ya mwili

Ujauzito: Mabadiliko ya homoni hufanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa urahisi. Wapo wanaoamini kwamba kila mimba huondoka na jino. Si kweli, mtoto hachukui jino la mama, bali fizi zisizotunzwa ndizo huliachia. Tafiti zimeona uhusiano kati ya ugonjwa mkali wa fizi na kujifungua kabla ya wakati, ingawa haijathibitika kwamba ndio unaosababisha. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama. Mweleze mhudumu wa kliniki ya wajawazito hali ya fizi zako.

Kisukari: Sukari ikiwa juu, fizi huugua haraka na kupona polepole. Nazo fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Kama unamtunza bibi au babu mwenye kisukari, mwangalie na kinywa pia.

Tumbaku: Sigara na ugoro huharibu fizi. Mvutaji anaweza asione damu, huku mfupa unaendelea kuliwa.

Moyo: Watu wenye ugonjwa mkali wa fizi huonekana kupata zaidi magonjwa ya moyo. Tumbaku na kisukari huchangia magonjwa yote mawili.

Watoto

Fizi za mtoto mchanga zikivimba au kuwa na weupe pale meno yanapotaka kuota, usikubali zichokonolewe kwa madai ya "meno ya plastiki". Kufanya hivyo huleta damu nyingi na maambukizi, huharibu meno yanayokuja, na kunaweza kuua. Mtoto mwenye homa au kuhara apelekwe zahanati, atibiwe ugonjwa huo.

Mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda kwenye fizi chenye harufu kali, au shavu likivimba, mpeleke siku hiyohiyo. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula nyama za uso kwa haraka. Ukiwahiwa, hutibika kwa dawa, usafi wa kinywa na chakula bora.

Fanya hivi kila siku

- Piga mswaki mara mbili, dakika mbili kila mara, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Usikose usiku kabla ya kulala.
- Msaidie mtoto hadi afike miaka 7 au 8. Chini ya miaka 3, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele tu.
- Kila mtu awe na mswaki wake. Ubadilishe nywele zake zikichakaa.
- Punguza soda, pipi na chai yenye sukari nyingi.

Nenda kituo cha afya ikiwa

- Damu inaendelea baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri.
- Kuna usaha, jino linalegea au fizi zimeachana na meno.
- Uso umevimba, una homa au unashindwa kumeza. Usingoje kesho.

Zahanati ikikosa huduma ya meno, omba uelekezwe kwa daktari wa kinywa na meno, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro mjini. Usisubiri maumivu: jino likianza kucheza, sehemu ya mfupa wake imeshaliwa.