Ua Lisilochanua Magongo

Kila jioni, kuanzia saa moja hivi, ploti yetu hapa Magongo hunuka moshi wa dawa ya mbu. Ile ya kijani iliyojikunja kama nyoka aliyelala, unaivunja pacha wake taratibu isikatike, unaisimamisha kwenye kibati chake, unawasha ncha. Milango yote kumi inatoa moshi uleule. Nimekua ndani ya harufu hiyo, na kwa miaka mingi nilidhani ni harufu ya Mombasa yenyewe.

Kumbe harufu hiyo imeanzia mbali, tena kwenye baridi.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda Kinangop kumwona nyanya, mama mzaa mama. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokwama, na nilijua kila mtu wa huko angeniuliza. Mjomba hakuuliza, alitoa hukumu: "Kama pareto ingekuwepo, wewe ungemaliza." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Fulani hakuoa, ni kwa sababu ya pareto. Nyumba ya mawe ilikwama kwenye linta, pareto pia. Nyanya yeye hakusema kitu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni, kwenye mstari mmoja wa maua meupe yenye kitovu cha njano, marefu kufika magotini. Akang'oa shina moja, akalipasua kwa mikono kama mtu anayegawa mkate, akanipa vipande viwili vyenye mizizi. "Hili ndilo lililomsomesha mama yako," akasema. "Kapande."

Nikavifunga kwenye mfuko wa mkate, nikashuka navyo hadi pwani, nikavipanda kwenye mkebe wa rangi karibu na mfereji. Viliposhika, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama mjomba anasema kweli.

Pareto haikuzaliwa Kinangop. Kwao ni Dalmatia, ufuo wa mawe wa bahari ya Adria, nchi ambayo leo ni Kroatia. Watu wa huko walijua kwamba maua yake yakikaushwa na kusagwa, unga wake huua viroboto na kunguni. Sumu yenyewe iko kwenye kichwa cha ua, hasa kwenye vijimbegu vyake, na hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Mbu huanguka upesi sana. Kwa binadamu na mifugo madhara yake ni madogo, ingawa samaki na nyuki hawasalimiki. Udhaifu wake ni jua. Likiupiga unga ule, nguvu zake huisha haraka.

Mbegu zilifika Japani, miaka ya 1880, mikononi mwa mfanyabiashara Eiichiro Ueyama. Yeye alichanganya unga wa pareto na vitu vingine akatengeneza vijiti vya kuchoma, kama udi. Tatizo ni kwamba kijiti kiliungua kwa dakika 40 hivi tu kikaisha, na mbu wakarudi mtu akiwa usingizini. Inasimuliwa kwamba mkewe, Yuki, ndiye aliyemwambia mwaka 1895: kirefushe, halafu kikunje. Ilichukua miaka kadhaa kupata njia ya kukikunja bila kukivunja, na mwaka 1902 dawa ya mbu iliyojikunja ikaingia sokoni. Umbo lile ninaloliwasha kila jioni ni wazo la mama mmoja wa Japani.

Kenya iliingia mwaka 1928, mbegu zilipoletwa na walowezi kwenye nyanda za juu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nyanya alilijua bila kusoma. Pareto ni ua la kudumu. Halipandwi kila msimu. Ukilipanda linakaa miaka mitatu au zaidi, na likizeeka unaling'oa, unaligawa, unapanda vipande upya. Baridi haliiogopi. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na kuna asubuhi umande huganda juu ya nyasi, viazi vikaungua majani, pareto ikabaki wima. Tena si kwamba linavumilia baridi tu. Linaihitaji. Bila wiki kadhaa za baridi ya kutosha, shina halipati amri ya kutoa ua. Ndio maana hapa kwetu lililimwa Kinangop, Molo, Kisii na milima mingine ya juu, halikulimwa pwani.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyoongoza kwa pareto duniani. Desemba 1941 iliposhambulia Pearl Harbor, Marekani na Uingereza zikapoteza muuzaji huyo, na wakati huohuo zilikuwa zikipeleka wanajeshi kwenye nchi za malaria. Macho yakageukia Kenya. Wamarekani walitengeneza mikebe ya kupulizia dawa yenye pareto, babu wa hii mikebe tunayopulizia vyumbani leo. Sehemu kubwa ya maua yale iliteremka kwa reli hadi Kilindini. Maana yake yalipita hapa Changamwe, kituo kilekile ambacho leo ukipanda boda kutoka Magongo unafika kwa dakika chache. Babu zetu wa bandarini walibeba magunia ya maua makavu mabegani, na sidhani kama kuna aliyewaambia walichobeba.

Miaka ile ya mwanzo, shamba lilikuwa la mzungu na mikono ya kuchuma ilikuwa ya Mwafrika. Nyanya alianza hivyo, msichana mdogo na kikapu. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipanua nafasi ya Waafrika kulima mazao ya biashara, na baada ya uhuru mashamba ya walowezi huko Kinangop yakakatwa kuwa skimu za makazi. Nyanya na babu wakapata kipande chao. Wakapanda ua lilelile ambalo nyanya alikuwa analichuma kwa ujira.

Hapo pareto ikawa mali ya wakulima wadogo, hasa wanawake. Kazi yake ni ya mkono. Unachuma ua lililofunguka vizuri, lile bichi unaliacha, unarudi baada ya wiki mbili tatu. Unaanika. Kilo nne hivi za maua mabichi zinakupa kilo moja kavu. Ngozi ya wengine hupata vipele. Lakini pesa zake hazikungoja mavuno ya mara moja kwa mwaka kama mahindi. Zilikuja kidogo kidogo, miezi mingi, na pesa za namna hiyo ndizo zinazolipa karo. Mama yangu na ndugu zake watano walisoma hivyo. Mama akapata kozi ya ukarani, akateremka Mombasa kutafuta kazi, akanizalia Magongo.

Kwa miongo kadhaa Kenya ilikuwa mbele ya dunia nzima. Mapema miaka ya 1990 nchi ilitoa karibu tani 18,000 za maua makavu kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye zilikuwa zimebaki tani mia kadhaa.

Nini kilitokea? Nilitaka jibu liwe moja, na halikuwa moja.

La kwanza liko kwenye pakiti. Usiku mmoja, stima imepotea, nilimulika kwa simu pakiti ya dawa yetu ya mbu nikasoma kilichomo. Hakuna ua. Kuna jina refu linaloishia na "alethrini". Mwaka 1949 wanasayansi wa Marekani walifaulu kuiga sumu ya pareto kiwandani, na baada ya hapo wakaja ndugu zake wengi, wengine wasioogopa jua. Ni rahisi na hazingoji mvua. Miaka yote ile nikidhani navuta moshi wa Kinangop, kumbe navuta moshi wa maabara.

La pili ni Tasmania, kisiwa cha Australia chenye baridi yake, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Leo wao ndio wanaoongoza.

Lakini sumu za kiwandani zilikuwepo tangu 1949, na pareto ya Kenya ilistawi miaka arobaini baada ya hapo, kwa sababu dunia bado ilitaka ile ya asili, na bado inaitaka. Kilichovunja wakulima kilikuwa karibu zaidi. Mnunuzi alikuwa mmoja kisheria, na mnunuzi huyo akaanza kuchelewesha malipo. Nyanya anasimulia bila hasira. Unapeleka maua, unapewa risiti. Mwezi unaisha. Unapeleka tena, risiti nyingine. Alikuwa na risiti zimejaa mkebe wa majani ya chai. Karo ya mtoto wa mwisho ilitoka kwa ng'ombe. Halafu asubuhi moja akachukua jembe, akang'oa pareto yote, akapanda viazi, akabakisha ule mstari mmoja nyuma ya jikoni. Anasema aliubakisha kwa ajili ya chawa wa kuku. Sijui kama namwamini.

Kwa hiyo mjomba anasema kweli? Nusu. Ardhi ipo, baridi ipo, mikono inayojua kazi ilikuwepo. Ua lililostahimili baridi ya kugandisha umande lilishindwa na risiti. Ni haki ya mjomba kulilia jambo hilo. Nusu ya pili ni yangu. Karo ilikwama, ndio, lakini hata kabla haijakwama nilikuwa nimeanza kukosa madarasa, nikiandika usiku na kulala mchana. Pareto ingenilipia muhula mwingine mmoja au miwili. Nisingependa kumtwisha nyanya na ua lake mzigo ambao ni wangu.

Sheria ya mwaka 2013 ilifungua soko, kampuni binafsi zikaingia, na kaunti kama Nakuru zimekuwa zikigawa miche. Nilimuuliza nyanya kwa simu kama atapanda tena. Akacheka. "Waanze kulipa kwanza, mimi niwaone wakilipa." Wenye umri wake hawakatai kulima. Wanakataa risiti.

Na pareto yangu ya mkebe wa rangi? Imenenepa. Majani ya kijivu, yamejikata kata vizuri, yanamwagikia ukingoni. Jirani yangu, mama wa Kidigo aliye na asumini kwenye ndoo mlangoni pake, hupita akaitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii yako mboga ama ua?" Ua, mama. "Mbona haitoi?" Asumini yake huchanua jioni joto likiwa bado ukutani, na ploti nzima hunukia kabla moshi haujaanza.

Nilimwambia nyanya kwamba miezi tisa imepita bila ua hata moja. Akauliza, "Huko usiku kuna baridi?" Nikamwambia hata Julai tunalala bila blanketi. Akanyamaza kidogo.

"Sasa hilo litajua saa ngapi kwamba wakati wake umefika?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nisilitupe, mizizi haina kosa. Nilipasue vipande vinne, nivifunge kwenye mfuko wenye unyevu, nimrudishie Desemba nikienda. Kimoja atakipanda kwenye ule mstari wa nyuma ya jikoni. Vitatu, akasema, nimchagulie mimi mahali pa kuvipanda, palepale kwenye viazi.